Injini inamisi: kupima, kusoma na kubadilisha plagi za gari dogo

Maelezo haya yanafuata injini ya Toyota 1NZ-FE ya cc 1,500, iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Vitz nyingi zinazotembea Tanzania na Kenya. Kila silinda ina plagi yake, na juu ya kila plagi imekaa koili yake, inayoipa umeme wa cheche. Hakuna distributa wala waya ndefu za plagi. Magari madogo mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea yamepangwa hivyo, kwa hiyo hata kama lako ni jingine, njia ya kutafuta tatizo ni ileile. Vinavyobadilika ni saizi ya soketi, namba ya plagi na nafasi ya kupitisha mkono.

Jambo la kushika kabla ya kushika spana: usinunue plagi mpaka ujue ni silinda ipi inayomisi (inayokosa kuchoma petroli) na kwa nini. Plagi mpya zikiwekwa kwenye silinda yenye koili mbovu, au kwenye kisima (tundu refu inamokaa plagi) kilichojaa oili, injini itaendelea kumisi vilevile, na pesa imeshakwenda.

Dalili inaelekeza wapi

Gari linatetemeka likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta linatulia. Hapa plagi si mshukiwa wa kwanza. Angalia kwanza upepo unaoingia bila kupimwa: mpira wa ea klina uliopasuka, paipu ndogo ya vakyumu iliyochomoka, gasketi ya manifodi iliyokauka. Injini ikiwa kwenye mngurumo wa chini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo linaharibu mchanganyiko wote wa hewa na petroli. Ikikimbia, tundu hilohilo halina uzito. Throtoli (mlango wa hewa ya injini) yenye masizi nayo huleta hali hii.

Gari linatulia likisimama, lakini mlimani au ukitaka kulipita lori linakatakata kama linavutwa nyuma. Hiyo ndiyo sura halisi ya plagi iliyolika au koili iliyochoka. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inabanwa ndani ya silinda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka katika hewa iliyobanwa. Koili dhaifu inashindwa, au umeme unatafuta njia fupi pembeni, kupitia ufa wa mpira wa koili hadi kwenye bodi.

Gumu kuwaka asubuhi, halafu siku nzima liko sawa. Inaweza kuwa plagi zenye uwazi mpana kati ya ncha zake mbili, lakini pima betri kwanza. Betri inayoshuka chini ya volti 10 wakati stata inazunguka inainyima koili umeme, na plagi husingiziwa bure.

Linakula mafuta na ekzosi inanuka petroli mbichi. Silinda moja haichomi kabisa. Petroli hiyo inakwenda kuungua ndani ya katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, ambayo bei yake haikaribiani na ya plagi. Ndiyo maana taa ya injini inayomulikamulika ni tofauti na ile inayowaka tu. Kumulika maana yake injini inamisi kiasi cha kuua katalisti wakati huohuo. Punguza mwendo na usimalize safari ndefu katika hali hiyo.

Ukiwa na mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu zilizowekwa na kompyuta ya gari), P0301 ni kumisi kwa silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. P0300 ni kumisi kunakohamahama, na mara nyingi huelekeza kwenye mafuta, hewa au plagi zote kuchoka pamoja. P0351 hadi P0354 ni saketi ya koili yenyewe. Kifaa kidogo cha bei nafuu cha Bluetooth kinaweza kukataa kusoma gari la soko la Japani la miaka ya mwanzo ya 2000, kwa sababu magari hayo hutumia lugha ya kiwanda. Kifaa hakijafa. Tafuta mashine inayosoma Toyota ya Kijapani, au tumia njia ya mkono ifuatayo.

Kupata silinda inayomisi bila mashine

Silinda ya 1 iko upande wa mikanda, ya 4 upande wa giaboksi. Zima injini, chomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza, washa, sikiliza kwa sekunde chache tu, zima, rudisha. Fanya hivyo kwa zote nne. Silinda inayofanya kazi ukiizima, mtetemo unaongezeka. Ile ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika, ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Usinyanyue koili kutoka kwenye plagi wakati injini inanguruma: volti zake ni maelfu kwa maelfu, zitakupiga, na koili isiyo na pa kutolea umeme hujichoma ndani.

Sasa hamisha. Tuseme ni silinda ya 2. Peleka koili ya 2 kwenye 3, na ya 3 kwenye 2. Tatizo likihamia 3, koili ndiyo mbovu, plagi ziache. Likibaki 2, hamisha plagi ya 2 na ya 4. Likihamia 4, plagi ndiyo. Likibaki palepale baada ya yote mawili, acha kununua vitu vya umeme. Kinachofuata ni nozeli inayomwaga petroli, kisha kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kwenye kompresheni, silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya bar 1, tafuta valvu au ringi. Hamahama hii haina gharama yoyote, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Kutoa plagi

Vifaa: soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni ya sentimita 25 hivi, racheti, soketi ya 10, upepo wa kompresa au pampu, na kipande cha mpira wa petroli chenye tundu la kushika kichwa cha plagi. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiipata, azima.

Injini iwe imepoa kabisa. Silinda hedi ni alumini, plagi ni chuma. Ukifungua ikiwa ya moto, nyuzi za alumini (mizunguko ya skrubu inayoishika plagi) ni laini na plagi inaweza kutoka nazo.

Toa kava la plastiki juu, kisha soketi za waya. Kitufe chake kimeungua na joto kwa miaka, kwa hiyo bonyeza kwa kidole gumba na usukume soketi mbele kidogo kabla ya kuivuta. Ukiivuta kwa waya tu, itavunjika, na soketi isiyofunga vizuri huleta kumisi kwa kuja na kuondoka ambako ni kugumu kukupata. Fungua bolti ya 10 ya kila koili, zungusha koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, ndipo uivute wima. Andika namba juu ya kila koili.

Kabla ya kuingiza soketi ya plagi, tia upepo ndani ya kila kisima. Mchanga unaolala humo, plagi ikitoka, unaangukia juu ya pistoni.

Legeza plagi robo mzunguko. Ikitoka laini, endelea. Ikianza vizuri halafu ikakaza katikati, simama: irudishe ndani kidogo, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri nusu saa, kisha ipeleke mbele na nyuma kidogo kidogo. Kukaza huko ni kaboni iliyojijenga kwenye nyuzi za mwisho, na ukilazimisha inakwangua alumini. Ikitokea nyuzi zimekwisha, kuna mkono wa chuma (bomba fupi lenye nyuzi) wa kuwekwa ndani ya tundu, lakini ni kazi ya fundi mwenye seti kamili. Plagi iliyoingizwa kwa kubahatisha inaweza kuruka na koili yake injini ikikimbia.

Zipange plagi juu ya ubao kwa mpangilio wake, 1 hadi 4. Zikichanganyika, umepoteza ushahidi.

Kusoma plagi

Kaure (sehemu ya plagi iliyo kama kikombe cha udongo) ya kahawia hafifu au kijivu, kavu: silinda hiyo iko vizuri. Plagi ikiwa imechoka, utaiona kwenye ncha, pembe zimekuwa mviringo na uwazi umepanuka. Kwa plagi za kawaida za injini hii uwazi ni milimita 1.1. Ukifika 1.3, zimekwisha. Kuziacha hapo kunaumiza koili pia, maana uwazi mpana unaidai volti nyingi kila mara, na hatimaye inapasuka ndani.

Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au joto dogo. Zikiwa zote nne, angalia ea klina, sensa ya hewa na sensa ya joto la maji. Kuna kisa kingine cha kawaida kwetu: gari lililoshushwa Dar es Salaam au Mombasa likakaa yadi kwa miezi, likiwashwa na kusogezwa mita kadhaa tu. Plagi hujisafisha zenyewe ncha ikifika takriban nyuzi 450 za sentigredi, na kusogeza gari yadi hakufikishi joto hilo. Kabla ya kubadilisha chochote, safari moja ya barabara kuu ya nusu saa inaweza kuzisafisha.

Iliyolowa petroli: cheche haikuwepo. Rudi kwenye koili na waya zake. Zikiwa zimelowa zote kwa sababu uliwasha mara nyingi bila mafanikio, katika magari mengi ukikanyaga mafuta hadi mwisho wakati stata inazunguka, kompyuta inakata petroli na silinda zinakauka.

Oili inahitaji uangalifu, kwa sababu mahali ilipo ndipo penye jibu. Oili juu, kwenye kisima na kwenye mpira wa koili, inatoka kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini: sili za mirija ya plagi zimekauka. Tibu kwa gasketi na sili mpya za kava, safisha kisima, na badilisha mpira wa koili uliovimba. Oili chini, kwenye ncha iliyokuwa ndani ya silinda, ni habari nyingine kabisa: ringi au sili za valvu. Plagi mpya zitasaidia wiki chache, kisha zitafunikwa tena. Watu wengi wameambiwa injini imekufa kwa sababu ya oili ya juu, ilhali dawa yake ni gasketi.

Kaure nyeupe kama chokaa, au yenye malengelenge, ni joto kupita kiasi: mchanganyiko mwepesi (hewa nyingi, petroli kidogo), plagi ya joto lisilofaa, au plagi ambayo haikukazwa. Plagi hutoa joto lake kupitia gasketi na nyuzi, kwa hiyo iliyolegea haina pa kulipeleka. Ukiona na vidoa vidogo vya rangi ya fedha kwenye kaure, hivyo ni vipande vya pistoni. Injini imekuwa ikigonga, na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni sababu mojawapo, kwa kuwa mafuta ya taa yanashusha oktani.

Unga wa rangi ya kutu unatoka kwenye viongezeo vya mafuta vyenye chuma au manganizi. Unapitisha umeme ukipata joto, ndiyo maana gari humisi mwendo kasi tu. Badilisha plagi, na acha kumimina chupa za kuongeza nguvu kwenye tenki.

Pete ya kahawia juu ya kaure, karibu na chuma, ni ya kawaida na haihusiani na kuvuja. Mstari mweusi mwembamba unaoshuka kwenye kaure kama ufa ndio mbaya: umeme umekuwa ukipita nje. Mpira wa koili hiyo nao una mstari kama huo ndani. Badilisha vyote viwili, maana kimoja kikibaki kitaharibu kingine.

Maji kisimani baada ya kuosha injini kwa presha: kausha, tia upepo, washa. Usinunue chochote siku hiyo.

Kununua

Kwa 1NZ-FE, plagi ya kawaida ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Soma namba, hazikuwekwa kwa urembo. K ya Denso ni nyuzi za milimita 14, urefu wa milimita 19 na kichwa cha 16. Namba 16 ni daraja la joto, R ni kizuizi cha kelele za umeme, 11 ni uwazi wa 1.1. Kwa Denso na NGK namba ya joto ikipanda, plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Denso 16 inalingana na NGK 5. Usichague plagi yenye urefu wa nyuzi tofauti hata ikiingia: ndefu inaweza kugongwa na pistoni, fupi inaacha nyuzi za hedi zijae kaboni.

Za nikeli badilisha kila kilomita 20,000. Za iridiamu za maisha marefu zinafika 100,000, lakini siyo kila iridiamu: zile zenye madini hayo katikati tu, huku ncha ya pembeni ikiwa nikeli, huchoka upesi zaidi. Kwa gari la kawaida la mjini, nikeli halisi ni bora kuliko iridiamu ya kutilia shaka.

Feki ni nyingi. Pima kwa multimita kutoka kichwa hadi ncha ya katikati: plagi yenye R husoma takriban kilo-ohm 3 hadi 7.5. Ikisoma karibu na sifuri, herufi R ni uongo. Kati ya kichwa na bodi multimita isisome kitu. Gasketi ya plagi halisi huzunguka lakini haianguki kwenye nyuzi. Ncha ya pembeni iwe imesimama sawasawa juu ya ile ya katikati, na maandishi yasifutike kwa kidole.

Kufunga

Pima uwazi wa kila plagi, hata mpya, kwa sababu boksi likianguka ncha hujipinda. Kwa nikeli, pinda ncha ya pembeni peke yake. Kwa iridiamu, pima kwa geji ya waya bila kusukuma. Ncha ya katikati ni nyembamba na huvunjika, na usiisugue kwa brashi ya waya.

Chomeka plagi kwenye kipande cha mpira, ishushe, zungusha kwanza kinyume mpaka uhisi imeketi kwenye mwanzo wa nyuzi, ndipo uikaze. Mpira utateleza plagi ikikosea njia, na hiyo ndiyo faida yake. Racheti haina huruma hiyo. Ikiingia kwa vidole hadi mwisho, chukua spana ya torki: Nm 18. Bila spana hiyo, plagi mpya ya gasketi ikigusa, ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Plagi ya zamani unayoirudisha, gasketi yake imeshabanwa, kwa hiyo ongeza sehemu moja ya kumi na mbili tu.

Usipake grisi kwenye nyuzi. Plagi za kisasa zina mng'ao unaozuia kutu, na nyuzi zikiteleza, spana itasoma 18 huku plagi imekazwa zaidi ya hapo. Grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira wa koili inatosha, na inasaidia siku ya kuitoa tena. Sukuma koili mpaka uhisi imeshika kichwa cha plagi, funga bolti kwa mkono mwepesi, rudisha soketi hadi zitoe mlio wa kufunga.

Umefunga, tatizo limebaki au limezidi

Inamisi kuliko mwanzo: soketi ya waya haijafunga, au koili haijakaa hadi chini. Vua kava uanze hapo. Silinda moja imekufa kabisa na zingine ni nzima: kaure ya plagi imepasuka wakati wa kukaza kwa sababu soketi ilikaa upande. Ufa huo unaweza usionekane bila kuitoa.

Sauti ya chaf-chaf inayofuata mwendo wa injini, na harufu ya moshi karibu na koili: plagi imelegea. Zima, acha ipoe, kaza. Usiendelee kuendesha, gesi ya moto inakula kiti cha plagi.

Taa ya injini haijazimika ingawa gari linakwenda vizuri: futa kodi kwa mashine, au acha kompyuta ijipime yenyewe kwa safari kadhaa. Ukichomoa betri ili kuifuta, mngurumo unaweza kuwa juu au chini kwa muda, maana kompyuta imesahau ilivyozoea throtoli. Hilo halitokani na plagi.

Magari yenye mtego wake

Honda Fit ya kwanza yenye i-DSI ya cc 1,300 ina plagi 8, mbili kwa kila silinda. Nne za mbele zinaonekana, nne za nyuma zimejificha chini ya plastiki ya waipa. Zikibadilishwa nne tu, ambalo hutokea sana, nusu iliyobaki inaendelea kulika na mwenye gari anaamini kazi imekamilika. Hesabu plagi za zamani unazokabidhiwa.

Nissan Note na Tiida zenye HR15DE zinatumia soketi ya 14 yenye kuta nyembamba, na manifodi ya hewa imelala juu ya koili. Nunua gasketi za manifodi pamoja na plagi. Ukishaitoa, ziba matundu ya hewa kwa vitambaa safi kabla ya kugusa kitu kingine, na uvihesabu wakati wa kuvitoa.